Ufunguo wa Pili

Kwanza ilikuwa starta. Ilizunguka upande wa barabara, nyuma ya ua wa minyaa, injini ikashika, ikanguruma kwa pumzi moja, ikazima. Kimya. Kisha tena: starta, mngurumo mfupi, kimya. Nilikuwa ndani ya chumba cha kazi cha kaka yangu, dirisha nimelipa kisogo, nikihangaika na ukurasa uliokuwa ukinikataa tangu asubuhi, na kabla sijageuka nilikuwa nimekwisha kujua kwamba gari lile halikuwa na ubovu wa mafuta wala wa plagi. Gari lenye ubovu wa mafuta hukohoa. Gari lisiloutambua ufunguo hukubali kwanza, halafu hughairi. Miezi niliyokaa pale ilinifundisha hivyo bila mimi kutaka.

Nilipogeuka niliona Noah nyeupe ya dada yetu.

Ilikuwa imefungwa kwa mnyororo nyuma ya Fuso. Kwenye usukani alikaa shemeji, mdogo wa marehemu mume wa dada, kofia ameivuta hadi kwenye nyusi, akiuzungusha ufunguo kana kwamba akiongeza hasira gari lingeogopa na kutii. Juu ya paa palikuwa na kitu nisichokijua: keria mpya ya nondo, imepakwa rangi nyeusi, na mishono ya kuchomelea ikionekana chini ya rangi kama makovu chini ya poda.

"Fundi!" aliita dereva wa Fuso akishuka. "Tumekuletea ndama. Amegoma kunyonya."

Kaka alitoka akijifuta mikono. "Mmemkokota kutoka Mabawe kote huko?"

"Milima yote ya Ngara, baba. Kila mteremko ananipiga pembe matakoni."

Mabawe iko wilaya ya Ngara, kwenye milima ya kuelekea mpakani. Sisi tuko Biharamulo, upande wa kwenda Bisibo, ambako wazazi wetu walifika na ng'ombe wao kutoka Shinyanga kabla hatujazaliwa. Kati ya huku na huko hakuna mtu mwingine anayeweza kulifundisha gari ufunguo mpya. Ukimkosa kaka yangu, panda basi uende Kahama. Kwa hiyo shemeji, ambaye nadhani angependa kulipeleka gari lile kwa fundi mwingine yeyote duniani, alilileta kwa kaka wa mwanamke aliyenyang'anywa gari hilo.

"Habari za Mabawe, shemeji?" kaka alimuuliza.

"Ndizi zipo, watu wapo."

"Na dada yangu?"

"Yupo. Anatunza nyumba." Shemeji alishuka, akapiga teke tairi kwa ncha ya kiatu. "Hili ndilo limenishinda. Nimeliwekea keria nibebe ndizi, likalala. Fundi wa kule akasema kompyuta imeungua. Nimeagiza kompyuta Mwanza, imefungwa, na bado. Linawaka, linazima. Linawaka, linazima."

Kaka alipanda juu ya tairi, akaitazama keria. "Walipochomelea, betri waliitoa?"

"Kwani betri iko juu ya paa?"

Dereva wa Fuso alicheka mpaka akashika mlango. Kaka hakucheka. Kosa lile analijua. Ni kosa la barabara yetu nzima. Huku gari halihesabiwi kuwa gari mpaka libebe ndizi kichwani, na mchomeleaji akishagusisha waya wake kwenye bati bila kutoa waya wa betri, umeme wake hupita kila mahali, na cha kwanza kufa ni kile kisanduku kidogo nyuma ya dashibodi, kinachojua kila kitu.

"Hii kompyuta uliyonunua," kaka alisema, "imetoka kwenye gari lingine. Inaukumbuka ufunguo wa kwao. Wa kwako haiujui. Lazima niifungue, niisahaulishe, ndipo nianze kuifundisha."

"Isahau nini?"

"Bwana wake wa kwanza."

Shemeji aliivua kofia yake, akajipepea usoni. "Fanya hima, basi," alisema. "Kumbe hata mashine zinarithiwa. Hii ikikubali, labda na wengine watajifunza kwake."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Alisema akinitazama mimi, ili nimfikishie dada.

Sasa niseme gari lile lilikuwa la nani. Kadi yake ilikuwa na jina la mume wa dada. Lakini fedha yake ilitoka kwenye kahawa ya mume na maharage ya mke, na aliyeliendesha zaidi alikuwa mke. Alijifunza kwenye uwanja wa kanisa, mume ameketi kando, akipiga dashibodi kwa kiganja na kumwambia, "Kanyaga, mama, kanyaga, Mungu anaona!" Wahangaza wa pale walitoka kwenye migomba yao kumtazama binti wa Kisukuma akigeuza gari mbele ya masista. Alibeba maharage hadi gulioni, alibeba wagonjwa, alibeba maharusi. Na walipolinunua lilikuja na ufunguo mmoja, kama yajavyo magari mengi ya mitumba, kwa hiyo mume alilileta kwa kaka amtengenezee mkewe ufunguo wa pili. Nilikuwepo likizo siku hiyo. Kaka alipomaliza aliwaita wote wawili, akawageuzia kioo cha mashine yake ya kufundishia funguo, na mume akasoma kwa sauti ya kwaya: "Mbili!" Dada akaufunga huo wake kwenye pindo la kanga, akafunga fundo gumu, kama wanavyofunga wenye sadaka.

Kusomesha kioo ndiko kulikompa kaka yangu jina. Mtu anayeweza kutengeneza ufunguo wa gari lako anaweza pia kubaki na mwingine, na zamani pale mjini alikuwepo fundi aliyebaki nazo, na magari yakatoweka usiku bila kuvunjwa kioo. Watu waliwaogopa mafundi wa aina hiyo kama wanavyoogopa wachawi. Kaka aliweka desturi yake: kazi ikiisha, kabla hajachomoa waya, humwita mwenye gari, humwonyesha tarakimu iliyo katikati ya kioo, idadi ya funguo ambazo gari linazijua, na humtaka aisome kwa sauti mbele ya yeyote aliyesimama pale. Una funguo mbili mkononi na kioo kinasema mbili, nenda kwa amani. Madereva wa malori walizieneza habari hizo kutoka Nyakanazi hadi Rulenge. "Nenda kwa yule wa Bisibo," walisema, "yule utasoma mwenyewe." Ndiyo sababu shemeji alikuja bila hofu.

Mume wa dada alikufa kwa maumivu ya tumbo yaliyoanza Jumapili kama mzaha. Walipoanua matanga, ukoo uliketi uani, pombe ya ndizi ikawekwa, na ikafika saa ya kumtaja mrithi. Zamani mrithi alikabidhiwa mkuki wa marehemu. Marehemu huyu hakuwa na mkuki. Alikuwa mtu wa kahawa na kwaya. Mzee wa ukoo alipapasa mfuko wa koti lililotundikwa ukutani, akatoa ufunguo wa Noah, akauweka kwenye kiganja cha shemeji, na watu wakapiga makofi. Dada alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na mkono wake ulikuwa umeshika pindo la kanga.

Baada ya hapo shemeji alilihamishia gari nyumbani kwake, ng'ambo ya migomba. Akawa anakuja jioni kumsalimu dada. Hakuwa mkali. Nataka niwe wa haki hata kwake: hakuwahi kumpiga wala kumtukana. Alikaa kwenye kiti cha kaka yake, akaomba maji, na akasema jambo moja kwa maneno tofauti kila jioni. Gari lingerudi uani. Ada ya mtoto ingelipwa. Maharage yangepata usafiri. Mlango wa chumba tu ndio uliokuwa umebaki kufunguliwa. "Sisi ni Wakatoliki," dada alimwambia. "Na Mabawe ni Mabawe," akajibu, akamaliza maji.

Dada hakusema ndiyo wala hapana. Alisema mtoto mkubwa amalize kwanza mtihani wa darasa la saba. Kwangu aliniambia mengine kwa simu, akinong'ona. Siku mtihani unakwisha, shemeji akiwa kanisani au kwenye pombe, angevuka migomba na ule ufunguo asioujua mtu, angepakia watoto, angeshuka milima hadi kwetu, na kesi ya mirathi angeifungulia akiwa upande huu. "Mahakamani wanamsikiliza kila mtu," aliniambia, "lakini aliyekuja na gari lake anasikilizwa amekaa. Nikiwa pale kwao nitasikilizwa nimepiga magoti."

Halafu ikaja keria. Moto wa kuchomelea ulipoiunguza kompyuta ile, uliunguza pamoja nayo kumbukumbu ya ufunguo uliokuwa kwenye pindo la kanga. Kilibaki kipande cha chuma na plastiki.

Mtaelewa basi nilivyojisikia siku ile, gari likiwa limelala uani kwetu bila kumkumbuka mtu. Shemeji alikwenda kulala kwa jamaa yake mjini. Kaka alimwambia kazi ingechukua hadi kesho. Fuso lilipoondoka tu nilipiga simu.

"Liko kwetu," nilimwambia dada.

Alitoka nje na simu. Nilisikia kuku wake.

"Kaka anasemaje?"

"Hajasema."

"Nakuja."

Alifika asubuhi iliyofuata na mchomoko wa kwanza, yale magari madogo yanayopakia watu mpaka kwenye buti, vumbi jekundu limemfikia kwenye kope. Alikuwa amekonda, shingo imetoa kamba mbili. Kaka alimwamkia, "Shikamoo dada," naye akaitika, "Marahaba." Kisha dada akalifungua fundo la kanga kwa meno.

"Uufundishe na huu," alisema.

Kaka aliupokea. Aliugeuza-geuza, akaupima uzito kama mtu anayepima dhahabu ya Geita. "Nikiweka wa kwako peke yake, atarudi hapa na ukoo mzima."

"Sijasema uweke peke yake."

"Nitaweka zote mbili. Yeye ni mteja, siwezi kumfukuza kwenye gari aliloleta mwenyewe. Lakini na wewe ni—" Hakumaliza. Alifungua droo, akatoa bisibisi.

"Mimi ni nani?" dada alimtania, na kwa mara ya kwanza tangu msiba nilimwona akitabasamu. "Sema, nisikie."

"Wewe ni mkopo," kaka akasema, wakacheka wote wawili.

Mzaha ule ulikuwa na mizizi. Kwetu ng'ombe wa mahari ya binti humwozea kaka yake; hivyo ndivyo dada na kaka wanavyofungwa pamoja. Ng'ombe waliotoka Mabawe hawakumwozea kaka mke. Aliwauza gulioni akanunua ile mashine, na kompyuta mpakato, na nauli ya kwenda kujifunza kazi. Baba alinung'unika mpaka alipokufa kwamba mwanawe ameoa waya. Dada ndiye aliyemtetea. Alisema waya hauzeeki.

Nilikaa nao asubuhi ile yote. Naikumbuka kama asubuhi nzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kaka aliitoa kompyuta nyuma ya dashibodi, akaifungua mezani kama anayefungua samaki, akatafuta kwa lenzi kidude kimoja chenye miguu, kidogo kuliko punje ya mtama, kinachotunza kumbukumbu. Aliunganisha nyaya nyembamba. Kwenye kioo zikaja safu za herufi na tarakimu. "Hapa ndipo anapomkumbuka," alisema, akionyesha mstari mmoja, "na hapa, na hapa tena. Huyu alipenda sana." Akaanza kuzifuta. Dada aliegemea bega lake akitazama, na nilijua anafikiria nini, kwa sababu na mimi nilifikiria hilo hilo: ingekuwa raha iliyoje, na ukatili ulioje, kama ingewezekana.

Alipoirudisha kompyuta mahali pake, aliwasha swichi. Taa ndogo nyekundu ya dashibodi iliyokuwa ikipepesa ikatulia. Gari lilikuwa tayari kujifunza. Akachomeka ufunguo wa dada kwanza. Niliuona kwa macho yangu: wa dada kwanza. Akangoja, akauchomoa, akachomeka wa shemeji. Halafu akampa dada wake, akamwambia, "Jaribu."

Dada aliingia, akarekebisha kiti, akakanyaga breki. Injini ilishika, ikabaki imeshika. Alikaa pale mikono juu ya usukani, hakwenda popote. Kaka aligeuka pembeni akajifanya anatafuta kitambaa.

"Zima," alisema hatimaye. "Anaweza kutokea. Ingia ndani ukae. Akishaondoka nalo tutapanga siku."

Shemeji alirudi mchana akiwa na kijiti mdomoni. Dada alikuwa ndani ya chumba cha kazi, mlango umerudishwa, amekaa kwenye kiti cha basi kilichong'olewa ambacho wateja hukalia. Nje walikuwepo waendesha bodaboda wawili waliokuja kujaza upepo, na mama anayeuza mahindi ya kuchemsha, na mimi. Kaka aliwasha gari. Liliwaka, likaendelea kuwaka. Shemeji alipiga makofi, akaizunguka Noah yote, akaitikisa keria.

"Wewe ni mchawi wa halali," alisema.

Kaka alilizima, akampa ufunguo wake, akainama kuchomoa waya wa mashine chini ya usukani.

"Hunisomeshi?" shemeji aliuliza.

"Kukusomesha nini?"

"Shemeji, hata Mabawe tunasikia. Kila mtu anasomeshwa kioo. Au mimi kwa kuwa ni mtu wa nyumbani nisisome?"

"Msomeshe, fundi," alidakia mmoja wa bodaboda. "Mwenzako kasafiri na kamba shingoni."

Niliuona mkono wa kaka ukisita. Kisha, kwa mazoea, nadhani ni kwa mazoea tu, alikigeuza kioo.

Shemeji alikitoa mdomoni kile kijiti. Alisoma kwa sauti, kama walivyofanya wote.

"Mbili."

Akatazama kiganja chake. Ufunguo mmoja. Akauinua juu ili wote wauone.

"Huu ni mmoja," alisema polepole. "Wa pili uko wapi, shemeji?"

Hakukuwa na haja ya kujitetea. Hilo ndilo lililonitesa baadaye, miezi na miezi: jibu lilikuwa fupi, lilikuwa kweli, na halikuwa na aibu yoyote ndani yake. "Wa pili ni wa mke wa marehemu, mumewe alimnunulia, na mimi ndiye niliyeutengeneza." Mama wa mahindi angeitikia amina. Nikaona kaka anawatazama bodaboda, si shemeji. Aliwatazama wale vijana wawili, ambao jioni wangekuwa stendi, na keshokutwa Lusahunga, wakisimulia.

"Wa pili ni wa—" nilianza mimi.

"Mashine imekosea," kaka akasema kwa sauti ya juu kuliko yangu.

"Mashine hukosea?" shemeji aliuliza.

"Mara moja moja. Ikihesabu mara mbili kitu kimoja. Ngoja nirudie."

"Fundi leo umeteleza!" bodaboda walicheka.

Kaka aliuchukua ufunguo wa shemeji, akaketi kwenye kiti cha gari, akauchomeka. Aliurudisha waya, akabonyeza, akangoja, akabonyeza tena. Kufuta ni kazi nyepesi kuliko kufundisha. Gari hubaki na ufunguo ulio mbele yake, na usiokuwepo husahauliwa. Mashine ililia mlio mmoja mwembamba. Kaka akakigeuza kioo kwa mara ya pili, na shemeji akasoma.

"Moja."

"Moja," kaka alirudia.

"Sasa imepata akili." Shemeji alimshika kaka mkono kwa mikono yake yote miwili, kwa heshima kubwa, akatikisa. "Ndiyo maana watu wanakusifu. Ungekuwa mwingine, kwa mambo yalivyo kati ya nyumba zetu, nisingelala usingizi."

Kisha alipanda gari, akapiga honi kwa furaha, na Noah nyeupe ikaingia barabarani na keria yake kichwani.

Niliposukuma mlango, dada alikuwa bado kwenye kiti cha basi. Dirisha lile linaona uani pote. Ufunguo ulikuwa mapajani. Kaka aliingia nyuma yangu, akaiweka mashine mezani, akaanza kuukunja waya wake vizuri, mzunguko juu ya mzunguko, kama kawaida yake.

"Watu walikuwa wamesimama, dada."

"Niliwaona."

"Kesho barabara nzima ingesema nabaki na funguo za watu."

"Na mimi ni watu?"

"Usinichukulie hivyo. Jina ndilo linalonilisha. Likishachafuka mara moja halisafishwi."

"Ng'ombe wangu ndio walionunua hilo jina," dada alisema.

Hakupaza sauti. Kaka aliacha kukunja waya. Alitazama mapajani kwa dada.

"Huo ufunguo hauna kazi tena," alisema. "Lakini chipu yake bado ni nzima. Ungeniachia, ningemtumia mteja mwingine."

Sidhani kama alisema kwa ubaya. Nimelifikiria sana neno lile, na naamini lilitoka kwa fundi tu, mtu asiyependa kitu kizima kitupwe. Ndiyo maana sijaweza kulisamehe. Ningeusamehe uoga, uoga una moyo ndani yake, unadunda. Dada aliuokota ufunguo mapajani, akamwekea kwenye kiganja, akasimama, akaanza kuifunga kanga yake upya.

"Njoo ukae hapa," nilimwambia. "Chukua watoto uje. Tutabanana."

Dada alimtazama kaka. Kaka alitazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Kule kumejaa vifaa," alisema. "Mpaka nijenge stoo. Labda mvua zikipita. Lakini nitazungumza naye, dada. Kiume. Nitamwambia akuheshimu."

"Ameshaniheshimu," dada alisema. "Ananiomba kila jioni. Hata maji anaomba."

Alipangusa vumbi kwenye kope kwa ncha ya kidole. Alionekana ghafla kama mtu mwenye haraka ya jambo dogo la nyumbani, mtu aliyekumbuka kwamba ameacha chungu jikoni.

"Unakwenda wapi? Hujala," nilimwambia.

"Atapitia Benaco. Lazima anywe kidogo, watu walione gari. Nikipata mchomoko sasa hivi nitamtangulia. Atafika na njaa."

"Si lazima umpikie wewe."

Alinigeukia. Sikuona hasira usoni pake, na nilitamani ningeiona.

"Mtoto anaanza sekondari Januari, mdogo wangu," alisema. "Ndizi za kule Mabawe haziuziki bila gari, maharage hayauziki bila gari, na mgonjwa hafiki hospitali bila gari. Nilikuwa na kitu cha kumwambia hapana. Sasa sina. Usiku huu akija kuomba maji, nitampa na chakula."

"Dada," kaka alisema.

"Baki salama, fundi," alimjibu, na hakumwita kaka.

Akatoka. Aliuvuta mlango nyuma yake taratibu, kwa mikono miwili, kama anayetoka chumbani alimolala mtoto mchanga, akangoja mpaka komeo likaingia mahali pake.